Ganzi Bila Sindano: Kwanza Niambie, Jino ni la Juu au la Chini?

Juzi msomaji mmoja aliniandikia saa sita usiku: "Dada, ni kweli kuna ganzi isiyo na sindano? Jino linanitoa machozi lakini sindano siiwezi, bora nife." Hilo la kufa najua hakulimaanisha, ila jino likishaamka usiku mtu husema lolote. Nilimjibu kwa swali moja tu: jino ni la juu au la chini? Hakujibu. Nadhani aliona namchezea. Sasa wakati namsubiri, ngoja niwaeleze nimelipataje swali hilo, maana sikulipata kitabuni.

Mimi na sindano ni maadui wa zamani. Nikiwa na miaka minane nilishikwa na watu wawili, mmoja miguu, mmoja kichwa, daktari akanichoma ganzi huku akisema "haiumi, haiumi". Iliuma. Na hadi leo nikisikia mtu mzima akimwambia mtoto "haiumi" natamani nimkabidhi bomba la sindano ajichome mwenyewe.

Ukubwani nikawa mtafunaji wa upande mmoja. Miaka minne nilikula upande wa kushoto tu, nikajifunza kunywa maji ya baridi kwa kuinamisha kichwa yasifike kulia. Wenzangu mnanielewa, kwa hiyo siendelei. Siku nilipojikaza nikaenda, niliona bomba likitoka kwenye trei, masikio yakaanza kuvuma, nikazinduka miguu ikiwa juu na kichwa chini. Daktari wa siku hiyo hakunitukana. Alicheka tu, akamwambia msaidizi wake, "Mtu mzima na mwili wake wote huu!" Kicheko kile nimekibeba muda mrefu kuliko maumivu ya jino lenyewe. Sikurudi pale.

Baadaye nikapelekwa kwa daktari mwingine, mama mmoja mpole mwenye sauti ya chini, ambaye hakushangaa nilipomwambia nazimia. Alifungua droo akatoa kitu kama kalamu nene. Hakina sindano, akanionyesha ncha yake: tundu dogo mno, jembamba kuliko hata sindano ya ganzi. Ndani yake kuna springi (vingine hutumia gesi). Springi ikifyatuka, dawa inasukumwa kwa kasi kubwa hadi uzi wa maji wenyewe unapenya ufizi. Dawa ni ileile, lidokaini, ambayo Nils Löfgren wa Uswidi aliiunda mwaka 1943 na madaktari wa meno wanaitumia mpaka leo. Kilichobadilika ni mlango wa kuingilia.

Aliukausha ufizi wangu kwa pamba, akaisimamisha ncha wima, ikagandamizwa barabara isiachie nafasi. "Kutakuwa na mlio," akasema, "usiruke." Pa! Kama rula iliyopigwa juu ya meza, ila meza yenyewe ni fuvu lako. Nikaruka, naam. Halafu ladha chungu ikateremka ulimini, kwa sababu dawa kidogo huvuja pembeni, na pamba ilipotoka ilikuwa na doa jekundu la ukubwa wa kichwa cha pini. Basi. Baada ya muda mfupi mdomo wa juu ukawa mzito kama wa mtu mwingine. Jino la juu, la nne kutoka mbele, likasafishwa na kuzibwa huku mimi nikihesabu taa za dari.

Nilitoka pale natembea kama niliyeshinda uchaguzi. Nikasimulia kila mtu. Niliandika hata hapa, na waliosoma siku hizo wanakumbuka, kwamba zama za sindano zimekwisha na anayekubali kuchomwa amependa mwenyewe. Nafuta kauli.

Maana miezi sita baadaye likaamka gego la chini, la mwisho kabisa upande wa kulia. Yule mama alikuwa safarini. Nikatafuta kliniki nyingine, nikauliza kitu kimoja tu: mnacho kifaa kisicho na sindano? Wanacho. Nikaenda kifua mbele. Wakapiga mara ya kwanza, pa. Ya pili. Ya tatu. Ufizi ukafa ganzi kweli, nikiugusa kwa ulimi sihisi kitu. Mashine ya kuchimba ilipogusa jino, nikahisi umeme hadi sikioni. Nikanyoosha mkono. Daktari akasema, "Ganzi imeshashika, hiyo ni hofu yako tu." Akaendelea. Nikanyoosha tena. Akaendelea. Mara ya tatu niliushika mkono wake, nikashuka kwenye kiti na kile kitambaa cha kifuani kikiwa bado kinaning'inia shingoni, jino likiwa wazi nusu.

Haikuwa hofu yangu. Ndiyo maana bado nina hasira hata ninapoandika hapa.

Yule mama aliporudi alinichorea kwenye karatasi. Mfupa wa taya la juu ni mwembamba na una vitundu vitundu kama sifongo. Dawa ukiiweka chini ya ufizi inajipenyeza yenyewe hadi kwenye mzizi. Taya la chini, hasa huku nyuma kwenye magego, mfupa wake ni mnene na mgumu. Dawa inabaki juu juu, inatia ganzi nyama tu, jino halina habari. Kulipata gego la chini kwa uhakika, kwa kawaida daktari huufuata mshipa wa fahamu pale unapoingia kwenye mfupa, nyuma kabisa ya kinywa, na huko sindano huzama milimita 20 hadi 25. Hakuna springi inayofika huko. Halafu kuna kipimo: kifaa kile hutoa kama mililita 0.2 au 0.3 kwa pigo moja, wakati kichupa cha kawaida cha ganzi kina mililita 1.8. Kwa hiyo pigo tatu zangu zote hazikufika hata mililita moja, tena juu ya mfupa kama jiwe.

Ukitazama vizuri, habari hii ya juu na chini inajirudia. Mwaka 2016 Marekani iliidhinisha dawa ya ganzi ya kupuliza puani, Kovanaze. Na yenyewe iliidhinishwa kwa meno ya juu tu, ya mbele hadi ya tano kila upande, na wala si kwa magego. Ile jeli inayowekwa kati ya jino na ufizi husaidia watu wanaokwanguliwa ugaga, lakini haitoshi kung'oa jino. Ndiyo maana nasema, kabla hujauliza kama kifaa kipo, uliza jino liko wapi. Nikirudia mtanisamehe: uliza jino liko wapi.

Na jambo moja ambalo watu wanaona aibu kuuliza: ncha inayogusa ufizi ni mpya au imetakaswa? Usiseme "hakina sindano, kwa hiyo hakina maambukizi". Bastola za chanjo za aina hiyohiyo, zilizokuwa zikitumika kwa mtu baada ya mtu, ziliachwa kwa sababu hiyo. Katikati ya miaka ya 1980 huko Marekani mojawapo ilihusishwa na maambukizi ya homa ya ini B kwenye kliniki ya kupunguza uzito. Damu ile ya kichwa cha pini ni damu.

Basi gego langu lilikwishaje? Kwa sindano. Ndiyo, mimi. Yule mama alikausha ufizi, akapaka jeli ya ganzi na kuiacha kama dakika mbili nzima (wengi huifuta upesi mno, ndiyo maana watu husema haisaidii). Akanifundisha kukaza mapaja, mikono na tumbo kwa sekunde 10 hadi 15 mpaka uso upate joto, kisha kulegeza kidogo na kurudia. Njia hiyo iliandaliwa na mwanasaikolojia Lars-Göran Öst, wa Uswidi pia, kwa watu kama mimi ambao wakiona damu au sindano presha inashuka badala ya kupanda. Ukiambiwa ujilegeze huku presha inashuka, umesaidiwa kuzimia. Nilitakiwa kulegeza mkono ule tu wa upande wa daktari, nisimtikise. Akaisukuma dawa polepole, karibu dakika mbili. Nilihisi mguso, kisha uzito. Nikalia, lakini si kwa maumivu.

Na ninyi mnaojigamba humu kwamba hamjawahi kuogopa sindano, hongereni, hii haiwahusu. Wazazi mnaowatishia watoto "nitakupeleka uchomwe", hii inawahusu sana. Mnapanda hofu, daktari anakuja kuvuna, na mnabaki kushangaa mtu wa miaka thelathini anatafunia upande mmoja. Na anayeogopa aache kuona aibu. Aseme mapema, siku ya kuomba nafasi, si wakati kiti kimeshalazwa. Akubaliane na daktari kwamba mkono ukinyooka, kazi inasimama. Daktari asiyesimama, shuka. Mimi nilishuka na jino likiwa wazi, na sijutii.

Nilikuwa nimefika hapa simu ikalia. Ni yeye, msomaji wangu wa saa sita usiku.

"La chini, dada. La mwisho kabisa."

Nimempa namba ya yule mama. Kisha nikamwambia aanze leo kufanya mazoezi ya kukaza mapaja.