Vitu vya Wajapani pangoni Peleliu

Ndugu, umeuliza kuhusu vitu vitatu ulivyoviona pangoni kule Peleliu, kisiwa cha nchi ya Palau katika bahari ya Pasifiki: chupa ya kahawia, kibati cha shaba na "chuma kama nanasi".

Nianze na hilo nanasi: usiliguse kabisa! Chuma cha ukubwa wa ngumi chenye mifereji, na kichwa cha shaba juu, ni bomu la mkono la Kijapani. Tangu mapigano ya Vita vya Pili vya Dunia ya 1944 limelala hapo, lakini kutu haiui baruti. Piga picha kwa mbali, toka, kawaambie polisi wa kisiwa.

Chupa itazame mabegani au chini: maandishi yaliyoinuka kwenye kioo mara nyingi ni ya kampuni ya bia ya Kijapani, Dai Nippon, iliyogawanywa 1949, kwa hiyo chupa kama hiyo ni ya kabla ya hapo. Vyombo vya jeshi la nchi kavu huwa na nyota. Vya jeshi la maji, nanga.

Kibati cha umbo la yai chenye matundu mawili ni kitambulisho cha askari. Cha askari wa kawaida huwa na namba ya kikosi na namba yake mwenyewe, bila jina. Kiache palepale, huenda mifupa ya mwenyewe iko karibu, na Wajapani bado wanaitafuta. Halafu sheria ya Palau hairuhusu kubeba chochote, hata hiyo chupa.