Angalieni tarehe za nishani kabla ya kujumlisha

Wadogo zangu mnaoanza kutafsiri wasifu wa wanajeshi, wiki hii nimesoma rasimu tatu za maofisa wa Marekani, na zote zina makosa yaleyale niliyoyafanya nilipokuwa mgeni kama ninyi. Nawapenda, lakini hili la nishani limenichosha. Tulimalize leo.

1. Kishada cha majani ya mwaloni si nishani nyingine. Hubandikwa kwenye utepe kuonyesha kwamba nishani ileile imetolewa tena. Audie Murphy, askari wa Marekani wa Vita Kuu ya Pili, ana nishani ya Moyo wa Zambarau yenye vishada viwili. Hesabu yake ni tatu, maana alijeruhiwa mara tatu. Mmoja wenu kamwandikia "medali mbili za mwaloni". Nilicheka mpaka chai ikapoa, kisha nikakuonea huruma, kwa sababu hakuna aliyekufundisha.

2. Moyo wa Zambarau ni wa jeraha lililotokana na adui. Msiuite wa ushujaa.

3. Nyota ya Shaba hutolewa kwa ushujaa, na pia kwa utumishi mwema. Someni hati yake kwanza.

4. Tarehe. Hapa nivumilieni.

Kazi yangu ya kwanza ilikuwa wasifu wa Luteni Vernon Baker, ofisa mweusi wa askari wa miguu, Kombania C, Rejimenti ya 370, Divisheni ya 92. Tarehe 5 Aprili 1945, karibu na Viareggio, Italia, kombania yake ilikwamishwa na bombomu za Wajerumani. Baker akatambaa hadi kwenye handaki moja akaliangamiza, akavamia kituo chao cha uangalizi, kisha yeye na askari wake mmoja wakanyamazisha mahandaki mengine mawili. Majeruhi walipokuwa wakiondolewa, alikaa mahali pa wazi ili risasi zimfuate yeye. Usiku uliofuata akajitolea kuongoza batalioni kupita kwenye eneo lililotegwa mabomu.

Nami nikaandika: "Alitunukiwa Msalaba wa Utumishi Uliotukuka na Nishani ya Heshima." Nishani ya Heshima ndiyo ya juu kabisa, na Msalaba huo huifuata kwa ngazi. Mimi nikaziweka katika sentensi moja, bila mwaka. Ikachapishwa hivyo. Siku ya tatu akanipigia mzee mmoja, mwanajeshi mstaafu, kwa sauti ya upole kabisa: "Mwanangu, tendo moja halipewi nishani mbili. Ile ya pili imetolewa badala ya ile ya kwanza. Miaka umeiangalia?"

Sikuwa nimeiangalia. Msalaba alipewa 1945. Nishani ya Heshima alivishwa na Rais Clinton tarehe 13 Januari 1997, akiwa na umri wa miaka 77, baada ya uchunguzi ulioagizwa na jeshi lenyewe kuhusu sababu ya kutokuwepo askari mweusi hata mmoja aliyepewa nishani hiyo kwa Vita Kuu ya Pili. Siku hiyo zilitolewa saba. Sita zilipokelewa kwa niaba ya marehemu. Aliyekuwa hai ni Baker peke yake. Dhuluma ya miaka 52, mimi nimeifuta kwa neno "na". Yule mzee hakunigombeza, na hilo ndilo lililoniuma zaidi. Usiku ule sikulala.

5. Beji ya Askari wa Miguu Vitani ni beji. Iandikeni mbali na nishani.

Rasimu zenu nimezirudisha, na kila penye nishani isiyo na mwaka nimezungushia wino mwekundu. Nazisubiri Alhamisi.