Rangi na umbo la nje kwa nyumba yenye paa la vigae

Umeuliza namna ya kupendezesha sehemu ya nje ya nyumba ya kimapokeo yenye paa la vigae vya udongo. Mimi ningeanzia kwenye paa lenyewe: kigae kilichochomwa hakina rangi moja, bali wekundu wake hukolea mahali na kufifia mahali, hivyo ukuta wa chokaa nyeupe au rangi ya maziwa huuacha wekundu huo uonekane, ilhali ukuta mwekundu hushindana nao. Paa litokeze nje ya ukuta kwa takriban sentimita 60, ili mvua isichafue lipu na kivuli kipoze baraza, na vichwa vya mbao vinavyolibeba viachwe wazi, vikipakwa mafuta tu. Milango na madirisha yafuate rangi ya mbao hizo. Ila nakusihi sana, usililaze paa kwa ajili ya kubana gharama, kwa sababu vigae bapa huhitaji mwinamo wa nyuzi 35 hivi au zaidi. Na kama sasa umeezeka mabati na unataka kuweka vigae, fundi azikague kwanza kenchi, yaani fremu za mbao zinazobeba paa, kwani vigae vya udongo mara nyingi huzidi kilo 40 kwa kila mita ya mraba.