"Tuligusana tu": kwa washauri wapya wa afya Malindi

Neno litakalokupoteza mapema katika kazi hii ya kuwashauri wenye hofu ya magonjwa ya zinaa na ya ngozi ni "kugusana". Pwani mtu hataji mambo ya tupu waziwazi. Mmoja akikwambia "tuligusana tu", ana maana walibanana kwenye matatu. Mwingine ana maana walilala pamoja bila kondomu. Ukiandika "kugusana" kwenye faili ukaishia hapo, hujaandika kitu.

Funga mlango, kisha uliza: kipi kiligusa kipi? Ngozi ilikuwa nzima au ina kidonda? Palikuwa na nguo katikati? Lini? Kwa mtu mzima tanguliza "niwie radhi, mama, swali hili namuuliza kila anayeingia". Kijana wa rika lako usimchekee. Akiona tabasamu atayafupisha maelezo.

Ngozi nzima ni ukuta mzuri. VVU havipiti kwa jasho, mkono wa salamu wala leso ya kuazima. Kisonono na klamidia vinataka utando laini: njia ya mkojo, uke, njia ya haja kubwa, koo au jicho. Mkono uliopita juu ya nguo haumo. Mtu wa namna hii usimpime ili kumtuliza. Ukimpima ataona kumbe hofu yake ilikuwa na msingi, na wiki ijayo atarudi kutaka kipimo kingine.

Kaswende, malengelenge ya sehemu za siri na sunzua ni habari nyingine. Sehemu za siri zikisuguana inatosha, hata bila kuingiliana, na kondomu haifuniki kila mahali. Malengelenge hupita hata ngozi ikionekana safi. Kidonda cha kaswende kwa kawaida hakiumi. Hutokea kati ya siku 10 na 90, mara nyingi karibu wiki 3, kisha hujifunga chenyewe na mwenyewe akadhani amepona. Miezi ya kaskazi kila mtu ana vipele vya joto, lakini hivyo si kawaida yake kuota viganjani na nyayoni. Vya kaswende huota hapo, na mara nyingi haviwashi. Tazama viganja kabla ya kusema "ni jua tu".

Upele nao una mtego wake, maana watu huita upele kila kinachowasha. Ule wa kijidudu kinachochimba ngozi haupatikani kwa salamu. Unataka miili igusane kwa muda, kama kulala kitanda kimoja. Kwa anayeupata mara ya kwanza muwasho huchelewa wiki 2 hadi 6, kwa hiyo anayelaumiwa kwa la jana huenda anaonewa. Huwasha zaidi usiku: katikati ya vidole, vifundo vya mikono, kiunoni. Nyumba nzima ipake dawa siku moja, shingoni hadi nyayoni, na shuka zifuliwe kwa maji moto. Akiachwa mmoja, unarudi. Waambie mapema kuwa muwasho huendelea wiki kadhaa baada ya dawa, la sivyo watapaka kila siku mpaka ngozi ichubuke.

Mwisho, "lini". Ukijibiwa "juzi", usikubali. Juzi ya watu wetu inaweza kuwa wiki iliyopita. Uliza siku gani, kabla ya Isha au baada yake. Kama kumbe palikuwa na tendo bila kinga, dawa za PEP, yaani za kuzuia VVU baada ya mtu kuwa hatarini, huanzwa ndani ya saa 72, na mapema ndiyo bora, kisha humezwa siku 28. Kituo chako kikiwa hakina, mpeleke penye dawa siku hiyohiyo.