Mwanangu alijificha chini ya kitanda: tulivyocheza zimamoto nyumbani

Wiki ya pili ya mchezo wetu wa zimamoto nilipiga filimbi, nikapaza sauti: "Moto! Moto!" Mkubwa, mwenye miaka 5, akakimbilia kofia yake ya karatasi. Mdogo, wa miaka 3, hakuonekana. Nilimkuta chini ya kitanda, amejikunyata, macho ameyaziba kwa viganja. "Nimejificha moto usinione," akaninong'oneza.

Sikucheka. Askari wa zimamoto wanalijua jambo hili vizuri: mtoto mdogo akiogopa moto hujificha kabatini, chini ya kitanda au nyuma ya kochi, na kumpata huko ndani ya moshi ni kazi ngumu. Mimi nilikuwa nimemaliza siku kumi na kitu nikikata maboksi na kupaka rangi, nikiamini tunajifunza zimamoto. Kumbe tulikuwa tunajifunza kubandika.

Kubandika si kubaya, nisieleweke vibaya. Gari letu la boksi lilimfundisha mdogo maumbo kuliko vitabu vyote vya picha tulivyokuwa navyo: tairi ni duara, dirisha ni mraba, mlango ni mstatili. Ngazi tuliitandaza sakafuni, vipande vya karatasi vyenye namba 1 hadi 10. Unapanda ukihesabu, unashuka ukihesabu kinyumenyume. Kushuka ndiko kugumu. Mkubwa alikwama kwenye 7 siku tatu. Akachoka, akauliza kwa nini asiteleze tu kwenye nguzo kama askari wa kwenye picha. Ikabidi nimweleze kwamba nguzo hiyo ilianzia Chicago mwaka 1878, enzi ambazo askari walilala ghorofani na farasi wa kukokota gari walikaa chini. Habari ya farasi ikateka mchezo wote, na namba 7 ikasahaulika.

Mchezo ambao hawauchoki mpaka leo ni wa chaki na maji. Chora ndimi za moto kwenye sakafu ya saruji nje, ndani ya kila ulimi andika herufi. Wewe unaitaja, yeye anaizima kwa chupa ya kupulizia maji. Kule kubonyeza kunaimarisha vidole vitakavyoshika penseli baadaye. Kama huna chupa ya aina hiyo, mpe sponji lililolowa alikamue. Usitegemee utaratibu: baada ya dakika tano hakuna herufi tena, kuna dimbwi na mtoto aliyelowa.

Lakini baada ya siku ile ya kitandani nilibadili kiini cha mchezo.

Nilianza na mavazi. Askari anayeingia kwenye moshi huvaa barakoa inayofunika uso mzima, na pumzi yake husikika kwa mvumo wa kutisha. Kwa mtoto, lile ni zimwi. Basi nilikaa sakafuni mbele yao, nikavaa kimoja kimoja huku nikiongea: buti, koti, kofia, na mwisho barakoa ya boksi yenye dirisha la plastiki angavu. Nikapumua kwa nguvu. Mdogo akarudi nyuma hatua mbili. Nikaivua: ni mama. Nikaivaa tena. Tulirudia hivyo siku kadhaa, mpaka akataka kuivaa yeye. Baada ya hapo tukageuza mchezo wa kujificha. Kwetu sasa, anayenyamaza ameshindwa, mshindi ni anayemwona mtu wa barakoa akaita kwa nguvu, "Niko hapa!"

Kosa langu la pili lilinichukua muda kuliona, kwa sababu lilikuwa linapendeza. Mkubwa alizoea kukimbia "ndani ya moto" kumwokoa mwanasesere, nami nampigia makofi. Siku moja nikajiuliza: namfundisha nini hasa? Kwamba nyumba ikiungua, mtoto hodari anarudi ndani kufuata vitu vyake? Ndipo nikatenganisha nafasi mbili. Ukiwa askari, unatokea kituoni, umevaa kila kitu, na unaingia na mwenzako, maana hata askari wa kweli hawaingii peke yao. Ukiwa mtoto wa nyumba hiyo, unatoka, unakwenda kwenye mti wetu wa kukutania, unabaki hapo. Mwanasesere akisahaulika, unamwambia mtu mzima. Ukishatoka, umetoka. Mkubwa alimlilia mwanasesere wake jioni nzima, nami sikulegeza.

Moshi tuliufanya kwa shuka. Watu wazima wawili wanalishika usawa wa kiuno, mtoto anatambaa chini yake mpaka mlangoni. Moshi wa moto hupanda juu kwa sababu ya joto, kwa hiyo hewa nafuu iko karibu na sakafu. Teremsha shuka kidogo kidogo na mtoto ataelewa kwa mwili wake bila hotuba. Akifika mlangoni anaugusa kwa mgongo wa kiganja. Ukiwa "wa moto", haufungui, anatafuta njia nyingine. Chagueni njia hizo mapema, angalau mbili kwa kila chumba inapowezekana.

Kwenye kusimama, kulala na kujiviringisha, kuwa mwangalifu. Wangu waliipenda mno hatua hiyo hata wakaanza kugaagaa kila waliposikia filimbi, badala ya kutoka nje. Kujiviringisha ni kwa ajili ya nguo iliyoshika moto, basi. Nilitatua kwa kitambaa chekundu: kikibandikwa kwenye shati lako, simama, lala, funika uso kwa mikono, jiviringishe mpaka kidondoke. Kama hakipo, toka.

Namba ya dharura ya nchi yako ifundishe tarakimu moja moja. Kwenye simu hakuna kitufe cha "mia tisa". Tumieni simu ya kuchora kwenye kadibodi. Mkubwa niliwahi kumpa ya kweli, akapiga kweli, nikabaki naomba radhi. Pamoja na namba, ajue kutaja jina lake na mahali anapoishi. Huyo wa miaka 3 nilimwachia jina tu.

Moto halisi siwashi. Jaribio la kufunika mshumaa kwa glasi mpaka uzimike kwa kukosa hewa nililifanya mara moja na mkubwa, akaliomba siku nzima, nikajuta. Kuhusu kiberiti tuna sharti moja: ukikikuta, usikiguse, niite.

Kuna usiku mdogo aliamka akiuliza kama nyumba yetu itaungua. Hapo nikajua nimezidisha. Nikapunguza mchezo ukawa wa dakika 15, tena mchana tu, na nikaacha kupiga kelele za moto. Tukawa tunaanzia mwishoni: wote tuko chini ya mti, tumeshikana mikono, tunahesabiana. Kisha tunarudi ndani kuona tulifikaje huko.

Mwezi huu nilipanda kwenye kiti kujaribu kengele ya moshi, jambo ninalofanya kila mwezi, nikasahau kuwaonya. Ikalia. Mkubwa alikuwa msalani, akaniuliza kwa sauti kama ni kweli. Mdogo hakwenda chini ya kitanda. Alitoka peku mpaka kwenye mti, akageuka, hakuona mtu, akaangua kilio. Mimi nilikuwa bado juu ya kiti. Ikabidi nishuke, nitambae mpaka mlangoni maana alikuwa ananitazama, ndipo nikakubaliwa kufika.