Kufufua baiskeli ya zamani kwa ajili ya njia za mawe na matope

Ukitaka kufufua baiskeli ya zamani uende nayo porini, amua mwaka kwanza. Rangi itasubiri, na vipuri visubiri pia hata kama umeviona mahali vinang'aa. Fremu ndiyo inayotoa mwaka, vingine vinaufuata. Kujua kama kipuri kinaufuata, mimi hugeuza kranki (mkono wa pedali) nikatazama mgongoni: kranki za zamani za kampuni ya Shimano zimegongwa herufi mbili ndogo, ya kwanza ni mwaka, kuanzia A kwa 1976, na ya pili ni mwezi. Ninayoiendesha sasa, kranki yake imeandikwa KD, yaani Aprili 1986. Habu, yaani vitovu vya magurudumu, za kampuni ya Sturmey-Archer hazina hata fumbo, mwaka umegongwa kwa tarakimu kwenye ganda. Alama hizi zinasaidia sana pale muuzaji anapokuapia kwamba kipuri kilikuja na baiskeli toka kiwandani.

Wapenzi wa baiskeli kuukuu hubishana sana juu ya "vipuri vya enzi". Wapo wanaotaka kila nati ifanane na katalogi. Kama baiskeli ni ya kutundikwa ukutani, sina neno. Kwa baiskeli ya kuchafuka, naona katalogi si mwalimu mzuri. Watazame waliokuwa wakiteremka kasi karibu na mlima Tamalpais kule California, kwenye mashindano ya Repack yaliyoanza 1976. Walichukua fremu za kampuni ya Schwinn za miaka ya 1930 na 1940, wakafunga mikono ya breki ya pikipiki na chochote kilichohimili kishindo. Waliobaki na breki ya kukanyaga nyuma, habu ilipata moto mpaka grisi ikatoa moshi, na mteremko ukiisha habu inafunguliwa na kujazwa upya. Joe Breeze, mmoja wao, alipojenga fremu mpya kabisa ya kazi hiyo mwaka 1977, naye aliifunga vipuri vilivyokuwa vya kazi nyingine. Na kabla yao, Uingereza ilikuwa na chama cha Rough-Stuff Fellowship tangu 1955, watu waliovuka njia za milimani kwa baiskeli za kawaida za safari.

Kwa hiyo swali ninalojiuliza kwa kila kipuri ni hili: mwendeshaji wa mwaka ule, mwenye akili timamu, angefunga nini? Jibu linaruhusu mengi. Linakataza pia kitu ambacho watu wa katalogi hukipenda, yaani kuacha mpira wa zamani. Yule mwendeshaji wa 1986 hakuwa na raba za breki zenye miaka arobaini. Zake zilikuwa laini, zimetoka dukani juzi. Ukifunga raba mpya uko karibu naye zaidi kuliko ukiacha zile zilizokauka zikawa ngumu kama kwato.

Basi tairi, tyubu, raba za breki, nyaya na maganda yake, mnyororo na gololi, hivi vyote vinakuwa vipya bila mjadala. Tairi mpya zenye ubavu wa kahawia bado zinatengenezwa, kwa hiyo sura haipotei. Ila soma namba ndogo ubavuni. Kuna "26" ya 559 na "26" ya 590 (ni milimita za kipenyo pale tairi linapokaa kwenye rimu), na haziingiliani hata kidogo. Baiskeli kubwa nyeusi zenye breki za vyuma nyingi zinavaa 635. Ukishapata kipimo, acha nafasi ya kidole kati ya tairi na fremu. Bila hiyo, tope la kwanza litakusimamisha.

Usukani wa alumini wa zamani siufungi, hata uwe mzuri namna gani. Alumini huchoka ndani kwa ndani, na hukatika pale unapobanwa na shingo bila kukuonya. Wa chuma nautazama kutu kwa ndani nikimulika tochi. Hapo nakubali kipuri kipya chenye umbo la zamani, na anayenicheka namwacha acheke.

Kwenye kufungua, subira ndiyo kazi yenyewe. Bomba la kiti la alumini ndani ya fremu ya chuma hugandana vibaya, kwa hiyo pindua fremu, mimina oili ya kupenya kutoka chini, uiache siku kadhaa kabla ya kutumia nguvu. Ukilitoa, pima kipenyo cha tundu lenyewe. Vipimo vinapishana kwa nukta mbili za milimita, na huenda aliyetangulia alipachika 26.8 kwenye fremu ya 27.2. Kwenye fremu za kipimo cha Kiingereza kikombe cha kulia cha kranki hufunguka kwa kuzungusha kufuata mwendo wa saa, sawa na pedali ya kushoto. Za Kiitaliano hazina mgeuko huo kwenye vikombe. Raleigh nyingi za zamani zina hesi 26 kwa inchi badala ya 24, kwa hiyo kikombe cha kawaida kitaingia raundi moja kisha kianze kula fremu. Kikigoma, usikilazimishe. Na spana malaya iweke mbali na nati za zamani, inang'oa kona.

Breki ndizo ninazozipa muda mrefu kuliko yote. Kantileva, zile zenye mikono miwili inayobana rimu pande zote mbili, zina sifa mbaya, na mara nyingi kosa ni la mfungaji. Siri iko kwenye waya mfupi unaounganisha mikono hiyo miwili juu ya tairi. Ukiushusha, nguvu inaongezeka lakini mkono wa breki wa kwenye usukani unakuwa laini. Ukiupandisha, mkono unakuwa mgumu na breki haishiki. Mimi huanza chini kabisa inapowezekana bila kugusa tairi, kisha napandisha kidogo kidogo hadi mkono usigonge usukani. Usichanganye na mikono ya usukani ya breki za V, zilizokuja 1996: inavuta waya mwingi, na kantileva inapoteza nguvu. Kisha kuna jambo ambalo wengi hawalijui. Waya mkuu wa breki ya mbele ukikatika, ule mfupi unadondokea tairi lenye meno, unanaswa, gurudumu linakwama ghafla na wewe unaruka juu ya usukani. Kile kipande cha bati cha kushikia kioo cha mbele cha kuakisi mwanga, ambacho watu hukitupa kwa sababu hakipendezi, ndicho kinachouzuia. Kiache.

Gia za msuguano, zisizo na vituo, zisikutishe. Shimano walileta gia za vituo kwenye Deore XT, seti yao ya vipuri vya baiskeli za milimani, mwaka 1987, kwa hiyo Deore XT ya 1986 kuwa na vituo ni kuruka mwaka. Na porini gia za msuguano zina faida yake: kibadilisha gia kikigonga jiwe kikapinda kidogo, unasogeza wenzo kwa kidole gumba mpaka kelele iishe, unaendelea na safari. Gurudumu la nyuma likikosa nafasi, fremu ya chuma inaweza kupanuliwa milimita chache na fundi anayejua, kutoka 130 hadi 135 kwa mfano. Ya alumini isiguswe.

Ukihisi usukani unanasa ukiwa umenyooka, vikombe vyake vimechimbwa vishimo na gololi. Vikombe vipya ndiyo dawa. Kama vya aina hiyo havipatikani, toa gololi zilizoshikwa kwenye kizuizi, ile pete inayozitenganisha, jaza za kulegea kwenye grisi nyingi; zinaingia nyingi zaidi na hazilali tena kwenye vishimo vilevile.

Safari ya kwanza iwe fupi, na spana zako uende nazo. Ukirudi, bana breki ya mbele, sukuma baiskeli mbele na nyuma. Ukisikia kitu kinagonga kidogo karibu na shingo, kaza vikombe vya usukani kabla hujatoka tena, maana vikilegea ndipo gololi zinapoanza kuchimba.