Ukiwasha kruzi kontroli, mguu wako uweke wapi?

Siku niliyojifunza kuiheshimu kruzi kontroli, kile kifaa kinachoshika mwendo ulioupanga bila wewe kukanyaga mafuta, mguu wangu wa kulia nilikuwa nimeukunja chini ya kiti. Barabara imenyooka, mwendo nimeuweka kilomita 100 kwa saa, gari linajishikia mafuta lenyewe, nami najiona nimepumzika kabisa. Mara gari la mbele likafunga breki. Kwa mwendo ule unakwenda karibu mita 28 kila sekunde, na sekunde ile ya kwanza niliimaliza kuurudisha mguu kwenye pedali. Niliposimama, kati yangu na lile gari palibaki nafasi ya kupenya mtu mmoja.

Kwa hiyo mtu akiniuliza jinsi ya kutumia kruzi, sianzi na vitufe. Naanza na mguu. Kisigino kikae sakafuni, wayo uelekee breki muda wote. Hutastarehe kama ambavyo ungestarehe ukiunyoosha, lakini goti na kifundo vitapumzika vya kutosha safari ndefu.

Kifaa hiki kilitokana na kero ya abiria. Mhandisi Mmarekani Ralph Teetor, aliyepoteza uwezo wa kuona tangu utotoni, inasimuliwa kwamba alichoshwa na wakili wake aliyekuwa akiongeza na kupunguza mwendo kila walipozungumza garini. Hataza yake, yaani hati ya haki ya uvumbuzi, ilitolewa mwaka 1950, na Chrysler wakaanza kukiweka kwenye magari yao ya mwaka 1958. Nami nimeona hivyo hivyo: wanaonishukuru zaidi kwa kuwasha kruzi ni watu wa kiti cha nyuma.

Kitufe kinachonitia hofu ni kile cha kurudisha mwendo, ambacho mara nyingi kimeandikwa RES. Kinakumbuka mwendo uliouweka mwanzo, hakijui uko wapi sasa. Ukipunguza hadi 60 kwa sababu ya msongamano kisha ukakibonyeza, gari litakaza kurudi 100 hata kama mbele hakuna nafasi. Mimi nikishatoka kwenye barabara kuu naizima kruzi kabisa, ili ile kumbukumbu ifutike.

Mvua ikinyesha, naizima. Tairi likianza kuelea juu ya maji, wa kwanza kuhisi ni mguu ulio kwenye mafuta, nao huyaachia taratibu. Kruzi inatazama namba tu. Mwendo ukishuka itaongeza mafuta, tena pale pale mshiko ulipokwisha. Kwenye mteremko mkali pia usiitegemee, kwa kuwa zile za kawaida nyingi hazifungi breki, na gari litapita mwendo ulioupanga. Zenye rada zinazofuata gari la mbele zinasaidia sana, ila zinaweza kushindwa kulitambua gari lililosimama. Soma kitabu cha gari lako. Onyo hilo kwa kawaida limeandikwa humo.

Kwenye pikipiki watu huchanganya vitu viwili, na hapa nawaomba muwe makini. Kuna kishikilio cha mafuta, kinachobana mkono wa mafuta usirudi, na kuna kruzi yenyewe. Kishikilio hakishiki mwendo. Kinashika mafuta pale ulipoyaacha, basi. Mlimani pikipiki itapungua nguvu, mteremkoni itakimbia. Nilikitumia miaka kadhaa, na kilinisaidia kwa sababu mtetemo wa injini ulikuwa ukinitia ganzi vidoleni. Lakini nilikubali kile tu ambacho ningeweza kukishinda kwa kuzungusha mkono bila kubonyeza chochote. Kinachohitaji kufunguliwa kwanza ndipo mafuta yarudi, usikifunge kwenye pikipiki yako.

Kruzi halisi ya pikipiki hukatika ukigusa breki au ukivuta klachi, na nyingi pia ukizungusha mkono wa mafuta kwa mbele kupita pale yanapofungika. Hiyo njia ya mwisho ndiyo ninayoipenda, maana ndivyo mkono unavyofanya wenyewe ukishtuka. Mkono wa kulia unaweza kuuachia sekunde chache kukunjua vidole, barabara ikiwa wazi na imenyooka. Zaidi ya hapo, hapana.

Ukifika kwenye kona, izime kruzi kabla hujaiinamisha pikipiki. Pikipiki ikiinama mwendo hupungua kidogo, na kruzi itafungua mafuta kufidia, wakati tairi la nyuma tayari limebeba kazi ya kukugeuza. Mafuta ya kwenye kona yapimwe na mkono wako.

Na ukipewa gari au pikipiki usiyoizoea, tafuta kipande kitupu cha barabara, iwashe kruzi kwa mwendo wa wastani, kisha ikate kwa kila njia iliyopo: kitufe, breki, klachi kama ipo. Rudia mpaka usilazimike kutazama chini kutafuta kitufe.